Sindano na Kalamu: Juu ya Uhakiki wa Kazi za Kudarizi Nyumbani

Leso imekwisha kupata kiti chake katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vikuu huandika tasnifu juu ya majina yake. Walimu huyapanga majina hayo katika mafungu ya mapenzi, dini, siasa na mafumbo ya uke wenza. Na hapana tena anayeshangaa akiona kipande cha nguo kikitajwa pamoja na methali na mashairi. Jambo hili ni jema, na waliolipigania wanastahili shukrani. Hata hivyo yafaa tujiulize ni kwa sababu gani leso ilifunguliwa mlango, ilhali kofia ya kudarizi, foronya ya bibi harusi na kitambaa cha meza vimeachwa barazani. Jawabu ni jepesi: leso ina maneno. Mhakiki wetu, akikabidhiwa nguo, hutafuta kwanza mahali palipoandikwa, akapasoma, kisha akairudisha kwa mwenyewe.

Desturi hii ya kusoma ina hasara, na hasara hiyo yaonekana hata katika leso yenyewe. Neno leso latokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeungana, wakavikata na kuvishona upya hata vikawa vazi moja pana. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa herufi za Kirumi. Maana yake ni kwamba leso za kwanza zilitungwa kwa mkasi na sindano, bila ya neno hata moja. Kwa kipimo chetu cha leo, leso hizo zisingeingia darasani.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, walidai kwamba fasihi simulizi iwe kiini cha masomo. Hoja yao ilishinda, na sote tumefaidika nayo. Lakini tuliokuja baada yao tuliirithi kama hoja ya sauti na kalamu tu. Hatukuuliza kama mkono ulioshika sindano nao una lake la kusema.

Lugha yenyewe ilikwisha kutoa ushahidi kabla yetu. Kwa Kiswahili mtu hutunga shanga, hutunga maua ya asumini, hutunga samaki, na hutunga shairi. Hiyo si sitiari iliyobuniwa na mwalimu. Ni kitenzi kimoja kwa kazi moja: kushika kitu kidogo kilicho peke yake na kukipitishia uzi pamoja na vingine. Ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Mshororo hukatwa vipande, na kipande cha nne, pale mshororo unapokuwa na vipande hivyo vyote, huitwa ukingo. Ama neno tarizi, ndugu wa darizi, nalo limetoka Kiarabu. Na katika historia ya nchi za Kiislamu tirazi lilikuwa jina la ukanda wa maandishi uliodariziwa au kufumwa katika nguo za heshima, aghalabu ukiwa na jina la mtawala. Sipendi kujenga hoja yangu yote juu ya asili za maneno, kwa kuwa asili ya neno haiwezi kutuhukumia jambo. Nataka tu ionekane kwamba waliotangulia hawakuutia ukuta baina ya sindano na kalamu. Ukuta huo tumeujenga sisi wa vyuoni.

Tuchukue mfano wa kalamu kabla ya kuirudia sindano. Utendi wa Mwana Kupona, unaokadiriwa kuwa ulitungwa mwaka 1858, ni kazi ya Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Mama alikuwa mgonjwa, na alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wosia wa kukaa nao. Kwa asili yake, basi, utendi huu ulikuwa kitu cha nyumbani: hidaya ya mama kwa binti, ya kuhifadhiwa pamoja na vito na nguo. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati kwa nia iliyo karibu na hiyo. Hapana mhakiki anayeukataa utendi wa Mwana Kupona kwa kuwa ulikuwa wosia wa chumbani. Basi binti akipokea kutoka kwa mama yake utendi na mto uliodariziwa, kwa nini cha kwanza kiitwe fasihi na cha pili kiitwe kazi ya mikono?

Nitajibiwa kwamba utendi una mawazo ya kujadiliwa na mto hauna. Jibu hili ni la haraka mno, na njia nzuri ya kulipima ni kuitazama kazi moja kwa makini. Naichagua kofia nyeupe ya kudarizi, kama inavyotengenezwa Lamu.

Kitambaa chake ni cheupe, na uzi wake ni mweupe. Mchoro hutiwa kwanza juu ya kitambaa. Kisha fundi huufuata kwa sindano, akatoboa vitobo vidogo vidogo na kukizungushia kila kimoja uzi ili kisifumuke. Kofia ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kazi iliyo nzuri huchukua miezi, maana hufanywa katika nafasi zinazobaki baina ya shughuli nyingine. Hufanywa na wanawake na wanaume pia. Mwanamume wa Lamu aweza kuonekana amekaa barazani akizungumza na wenziwe huku sindano yake ikienda, wala hapana anayemcheka. (Wale wanaofundisha kwamba kudarizi ni kazi ya kike kwa maumbile yake wangefaidika kwa kukaa saa moja katika baraza hiyo.)

Sasa, mapambo ya kofia hii hayana rangi ya kuyatangaza. Kwa mbali haionekani ila weupe. Ukikaribia, kivuli kilicho ndani ya vitobo chaanza kuchora: nyota, maua, mishipa ya jani, mistari inayopinda na kurudi. Kwa hiyo kofia ina wasomaji wa namna mbili. Yuko mpita njia anayeona kwamba fulani amevaa kofia. Na yuko aliyekaa naye jamvi moja, anayeona ni kofia gani. Fundi alilijua hili tangu mwanzo, naye alimshonea huyu wa pili. Katika ushairi tunaisifu lugha ya mafumbo kwa kuwa humfungulia ajuaye na kumfungia asiyejua. Sioni kwa nini mbinu hiyo ikosekane jina pale inapotumiwa na mtu mwenye sindano.

Kisha kuna mizani. Ukanda wa kofia huzunguka, na mchoro wake hurudiwa. Kwa hiyo mwisho lazima ukutane na mwanzo. Aliyekosea hesabu hujikuta amebakiwa na nafasi ndogo isiyotosha ua zima, akalazimika kulibana au kuliacha nusu. Ndiyo maana mjuzi akipewa kofia haanzi kwa kulisifu ua la mbele. Huigeuza nyuma, akatazama pale panapoungana. Msomaji wa mashairi hufanya vivyo hivyo anapokwenda moja kwa moja kwenye ubeti ambamo anajua mtunzi alipata taabu ya vina. Ni wazi, basi, kwamba kofia zina ubora na udhaifu wake, na kwamba wenye kuzivaa wanavyo vigezo vya kuzipima. Kinachokosekana ni kwamba vigezo hivyo havijaandikwa nasi.

Tumezoea kufundisha kwamba fani ni chombo na maudhui ni kilichomo. Kofia inaukataa mgawanyo huo. Viondoe vitobo vyake, na hapana maudhui yanayobaki chini. Hubaki kipande cha bafta. Kama tunataka kusema kofia ina maudhui, tutalazimika kuyatafuta katika kushonwa kwenyewe: katika muda ambao mtu aliutoa kwa ajili ya kichwa cha mwingine, na katika adabu ya pambo lisilopiga kelele. Nakiri kwamba lugha yetu ya uhakiki haijazoea kusema hivi. Lakini hiyo ni kasoro ya lugha ya uhakiki, na kofia haihusiki.

Hapa yafaa kuonya juu ya jambo moja. Kofia za mashine zimejaa sokoni, na ni rahisi kwa mwandishi kuzilaani na kuigeuza subira ya fundi kuwa ngano tamu. Subira hiyo ina bei, na bei hailingani na saa. Fundi wengi huona mnunuzi wa kati akipata faida iliyo kubwa kuliko ujira wao. Tena baadhi ya kofia za mashine zina michoro mizuri kuliko kazi ya mkono iliyofanywa kwa haraka ili kumridhisha mgeni. Mhakiki aseme hivyo bila haya. Kinachozitenga zile za mkono zilizo bora ni kwamba zina makosa na masahihisho ya mtu mmoja, kama muswada.

Kuna pingamizi jingine, nalo ni zito zaidi kwetu sisi wa Kenya. Husemwa kwamba vitambaa vilivyodariziwa vya sebuleni, vile vya kufunika makochi na meza na redio, ni masalio ya ukoloni. Shule za misheni ziliwapa wasichana sindano ili wasiwape mengine. Na Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, ilifundisha kushona na kudarizi pamoja na mapishi na malezi. Hayo ni kweli, na hayafai kupakwa rangi. Lakini riwaya nayo ilitufikia kwa njia iyo hiyo, wala hatuikatai kwa sababu ya meli iliyoileta. Swali ni nini kilichofanywa nayo baada ya kupokewa. Mishono ile ilipofika majumbani iliacha kuwa somo. Wanawake waliigawana, wakabadilishana michoro, wakawapa mashoga na wake za ndugu zao, wakatia humo majina ya watoto na tarehe za harusi. Na wengi walidarizi kwa kuwa kudarizi kunapendeza. Neno hili la mwisho huwatia shaka wahakiki wanaotaka kila kazi iwe na dhima. Mimi naona kwamba mtu aliyechoka na shamba au ofisi, akachagua jioni kati ya uzi wa kijani na wa samawati bila ya kuamriwa na yeyote, amefanya uamuzi wa kisanaa, na kwamba furaha yake ni sehemu ya kazi tunayoihakiki.

Nitoe mfano wa mwisho. Katika nyumba moja mjini Mombasa nilionyeshwa foronya mbili zilizodariziwa na mama mkubwa wa mwenye nyumba kwa ajili ya harusi yake. Moja imeandikwa LALA na nyingine SALAMA. Kwa mpenda maneno peke yake, hapa hapana kitu. Ni maneno ambayo kila mtu huyasema usiku. Lakini sentensi imekatwa vipande viwili na kila kipande kimetiwa kichwa chake. Husomeka sawasawa tu mito ikiwa imewekwa pamoja na kwa mpango. Anayelala peke yake amebaki na nusu, ama amri bila heri, ama heri bila amri. Isitoshe, LALA ina herufi nne na SALAMA ina sita, na foronya ni za kipimo kimoja. Mdarizi alianza na ile fupi kwa herufi pana, akaona alipofika ya pili kwamba nafasi haimtoshi. M na A za mwisho zimebanana ukingoni, na ua lililo katika pembe ile upande wa kwanza halipo upande wa pili. Wako watakaoita kasoro. Mimi naona mtu akichagua kulipoteza ua ili neno litimie, na uchaguzi wa namna hiyo ndio tunaoufundisha tunapoeleza inkisari katika ushairi.

Foronya ya pili imekwisha kuchanika upande mmoja na kutengenezwa. Mshono wa awali ni wa uzi mwekundu uliopauka. Wa baadaye ni wa rangi ya damu ya mzee, na mkono wake ni mwingine, mkubwa na wa haraka. Mhariri wa miswada ya tendi, akikuta mahali kama hapa, huandika yote mawili, neno la kwanza na neno la mnakili, akaeleza wino ulipobadilika. Nilimuuliza mwenye nyumba kwa nini hakutafuta uzi unaofanana. Alisema uzi huo ulikuwapo dukani. Ila mama mkubwa alikuwa bado hai wakati ule, na alitaka, atakapokuja kutembea, apaone palipotengenezwa.