Tazama Ngao Kabla ya Joho

Ukikabidhiwa sanamu ya mpiganaji au zimwi wa Warhammer, mchezo wa vita wa mezani, yenye kimo cha sentimita tatu hivi, jicho hukimbilia mikunjo ya joho. Hapo ndipo rangi za siku hizi zinapompa mpakaji sifa isiyo yake. Mwaka 2019 Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, inayotengeneza mchezo huo, ilitoa rangi ziitwazo Contrast, na watengenezaji wengine wakafuata na za kwao. Ni akriliki nyepesi inayopitisha mwanga. Ukiipaka juu ya rangi ya msingi iliyo nyeupe-nyeupe, huteremka kutoka kwenye miinuko na kutuama mabondeni. Ilipobaki kidogo panang'aa, ilipotuama panakoza, na kivuli na mwanga vinapatikana kwa mpako mmoja. Mikunjo ikipendeza, basi, msifu kwanza aliyeichonga. Aliyeshika brashi mtafute kwingine.

Mimi huanza na ngao, kisha bamba la deraya. Mahali bapa hapana bonde la kuiongoza rangi; ikiachwa ikauke yenyewe huacha madoa yenye kingo za giza, kama chai iliyokaukia mezani. Fundi mzuri huisambaza upesi na kuifyonza iliyozidi kwa ncha ya brashi. Aliye bora zaidi, kwa maoni yangu, haitumii hapo kabisa: hurudi kwenye akriliki nzito ya kawaida, akaizimua kwa maji na kupaka tabaka nyembamba juu ya tabaka. Huyo anajua rangi mpya inakomea wapi.

Pindua sanamu. Kwenye upindo wa joho na kwapani tafuta tone lililoganda. Angalia pia mshono wa kalibu ubavuni, maana rangi inayopitisha mwanga haisitiri kitu. Mshono usiokwanguliwa utauona, na chembechembe za rangi ya msingi iliyopulizwa kutoka mbali mno utaziona pia.

Uso unataka subira zaidi. Rangi nyepesi hutia kivuli chini ya nyusi bila kuombwa, lakini mboni hazijichori. Ziangalie zote mbili: je, zinatazama upande mmoja? Kisha fuata mistari ya mwanga kwenye pua, mashavu na vifundo vya vidole. Mstari wa unene uleule kila mahali umepakwa kwa mazoea. Ulio hai huanza mwembamba ukapanuka pale nuru inapopiga.

Wapo wanaochora chuma kwa rangi za kawaida tu, bila chembe za metali, na sanamu za namna hiyo zimesifiwa sana kwenye Golden Demon, mashindano ya kupaka rangi sanamu hizi. Hapo uliza nuru inatoka wapi. Kofia ikimulikwa kutoka kushoto na upanga kutoka kulia, kazi imeanguka, hata joho liwe zuri vipi.

Kikosi cha askari thelathini ni hesabu nyingine. Usikiinamie, kisimamishe mezani, rudi hatua moja, ulinganishe ngozi ya askari wa safu ya nyuma na ya kiongozi wao.