Dirisha la Kwanza Halifungwi

Kwa mpita njia, kazi ya msimamizi wa seva haina la kutazama: kioo cheusi, maandishi machache, kimya. Mimi naweza kuikalia saa nzima, hasa fundi anapobadilisha mipangilio ya SSH. Hiyo ndiyo njia anayopitia kuifikia mashine. Akiiharibu amejifungia nje, na mashine yenyewe huenda iko Frankfurt ilhali yeye yuko Mwenge, Dar es Salaam.

Tuseme anataka seva ikatae nywila na ipokee funguo za kidijitali tu. Ni jambo la msingi, na hatari ya nywila ndiyo iliyoizaa SSH yenyewe: Tatu Ylönen aliibuni huko Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Kwanza hagusi kitu. Anaandika sudo sshd -T, kwa T kubwa, aone SSH inavyoyasoma mafaili yote kwa pamoja. Hapo ndipo ninapomtambua fundi. Asiyezoea hufungua faili kuu, akabadilisha PasswordAuthentication kuwa no, akaridhika. Lakini SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo na kuziacha zinazofuata, na Ubuntu za siku hizi huanza na mafaili madogo ya folda ya sshd_config.d. Mojawapo likisema yes, ile no ya chini haina kazi. Nywila zinaendelea kupokelewa, na mwenye seva analala akidhani amefunga.

Fundi ananakili faili, anaandika mabadiliko, kisha anaita sudo sshd -t, sasa kwa t ndogo. Penye kosa anatajiwa faili na namba ya mstari. Pakiwa shwari hajibiwi chochote. Ndipo anapoiagiza SSH isome upya. Dirisha la kwanza, analofanyia kazi, halifungi, kwa kuwa muunganisho uliokwisha kufunguka haukatwi. Anafungua la pili, anaingia kwa ufunguo. Halafu, na hili wengi hulisahau, anajaribu kuingia kwa nywila ili akataliwe. Akishakataliwa, anafunga lile la kwanza.

Watengenezaji wa netplan, zana ya kupangia mtandao, waliutia uangalifu huohuo ndani ya amri: netplan try hubadilisha mtandao na kungoja sekunde 120; usipothibitisha, hurudisha mipangilio ya zamani.

Kama unatunza seva ya Linux kwa mbali, ingia leo, andika sudo sshd -T, utafute mstari wa passwordauthentication. Usome unasemaje kabla hujagusa kitu.