Mtafsiri wa Mikanda

Katika sanaa zote zinazoshughulika na mambo ya kubuni, iwe riwaya za mapenzi, filamu za majini au michezo ya kompyuta, ninayoiheshimu kuliko zote haina chuo wala tuzo, na jina la fundi wake halimo katika orodha ile ndefu inayopanda kwenye kioo filamu inapokwisha. Ni kazi ya yule mtu anayekaa kando ya televisheni katika banda la video, maikrofoni mkononi, akatusimulia kwa Kiswahili filamu iliyotengenezwa Mumbai, Hong Kong au Hollywood. Dar es Salaam wanamwita mtafsiri. Nairobi ni DJ, Kampala ni VJ. Wasomi wengi humbeza. Wanasema anaharibu filamu kwa kusema yasiyosemwa. Ni kweli anasema yasiyosemwa, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Kwanza lijulikane banda lenyewe. Nje pana ubao wenye ratiba ya siku iliyoandikwa kwa chaki. Ndani, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, kuta za mabati au mabanzi, na mablanketi yaliyotundikwa kuzuia jua lisiingie. Joto ni kali, ndiyo maana watu wakapaita kibanda umiza. Watazamaji ni makuli, vijana wa sokoni, wanafunzi waliotoroka vipindi, na mzee mmoja au wawili ambao hawakosi. Wapo wanaojua Kiingereza kidogo, na hakuna anayejua Kikantoni. Mtafsiri anakaa karibu na deki, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti. Akitaka kusema, anashusha sauti ya filamu; ngumi zikianza anaipandisha, kwa kuwa ngumi hazihitaji lugha. Mkono ule haupumziki filamu nzima. Akichelewa nusu sekunde tu, kofi limeshapigwa na banda zima limeshaguna, na yeye bado anaeleza kwa nini yule bwana amekasirika.

Ili aweze kufanya hivyo lazima awe ameitazama filamu mara nyingi kabla ya kuisimulia, na aijue kuliko anavyoijua mtu aliyeitazama kwa starehe. Anajua mlango gani utafunguliwa na nani atatokea. Kwa hiyo hajifanyi haoni mbele. Anatuambia mapema kwamba huyu anayecheka na stelingi ndiye atakayemsaliti, kwamba mtoto huyu aliyepotea stesheni atakuja kuwa askari na kumkamata ndugu yake. Watu waliozoea kutazama kimya hukereka: mbona ametoboa siri? Lakini wasimulizi wetu hawakuwahi kutegemea siri. Bibi aliyetusimulia habari za sungura na fisi alijua kwamba tunajua fisi atashindwa. Tulichongojea ni namna. Atashindwaje leo? Mtafsiri anaijua kiu hiyo. Akishatuambia msaliti ni nani, kila tabasamu la msaliti linatuchoma, na tunaanza kumpigia stelingi kelele aangalie nyuma.

Mfano ninaoukumbuka vizuri zaidi ni wa *Karan Arjun*, filamu ya Rakesh Roshan ya mwaka 1995. Mama mmoja maskini, Durga, ambaye Rakhee ndiye anayemwigiza, anashuhudia wanawe wawili wakiuawa mbele ya macho yake na mtu mwenye tamaa ya mali, Durjan Singh. Anakimbilia hekalu la Kali na kumtaka mungu wake amrudishie watoto. Wanarudi kweli: wanazaliwa upya katika nyumba mbili tofauti, hawajuani, hawamjui mama. Salman Khan na Shah Rukh Khan wakaigiza ndugu hao kabla ya kufa na baada ya kuzaliwa tena.

Kwa msimulizi, huo ni mtihani mzito. Waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa Waislamu na Wakristo, na katika dini zote mbili mtu hafi akazaliwa tena kwa mama mwingine. Msimulizi mvivu angesema, hawa Wahindi ndivyo wanavyoamini, akaendelea. Angekuwa amesema kweli, na angekuwa ameiua filamu, kwa sababu kuanzia hapo tungekuwa tunatazama imani za watu wengine kupitia dirishani. Mtafsiri niliyemsikia alipita njia nyingine. Alishika mambo mawili ambayo kila mtu pale aliyajua tangu utotoni: radhi ya mama, na deni la maziwa aliyokunyonyesha. Akasema vijana hawa wamekatishwa kabla hawajaanza kulilipa deni lile, na mama hajawapa ruhusa ya kuondoka. Ndiyo maana wamerudishwa. Hakutaja kuzaliwa upya hata mara moja, na hakuna aliyeuliza.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona la kifundi kupita kiasi. Katika maisha ya pili ndugu wale wana majina mapya, Ajay na Vijay. Kila mtu kwenye kioo anawaita hivyo. Mtafsiri hakuwaita hivyo hata mara moja. Aliendelea kuwaita Karan na Arjun, kana kwamba yeye na mama yule ndio watu wawili tu duniani wasiodanganyika. Watu wa kijijini wakimcheka Durga kuwa amepata wazimu, sisi tulikuwa upande wake, maana sauti iliyokuwa ikituongoza ilikuwa upande wake. Na ilipofika pale mama anapokutana na wanawe, mtu yule aliyekuwa hajafunga mdomo tangu mwanzo akanyamaza. Akapandisha sauti ya filamu hadi mwisho. Rakhee akalia kwa Kihindi, na banda zima likaelewa kila neno.

Anayetaka kuandika hadithi za ajabu, za majini, za nchi zisizokuwepo, ajifunze hapo. Wasomaji hawakatai ajabu. Wanachokataa ni ajabu isiyo na sheria. Ukishasema kwamba deni la mama ndilo linalowarudisha wafu, basi usije katikati ukawarudisha kwa hirizi kwa kuwa umechoka kufikiri. Mtafsiri yule aliweka sheria yake mwanzoni akaitii mpaka mwisho, na filamu ya saa tatu ikasimama juu yake.

Na asije mtu akasema kwamba kuhamisha hadithi ya watu namna hii ni uchakachuaji wa wauza mikanda. Shaaban Robert alifanya hivyo hivyo. *Adili na Nduguze*, iliyotoka mwaka 1952, ina mzizi wake katika kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, kisa cha mtu ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa na analazimika kuwapiga kila usiku. Shaaban akawafanya nyani. Wengine wataona ni badiliko dogo. Kwangu mimi kitabu kizima kinageukia hapo, kwa sababu nyani ana vidole na ana uso. Anaweza kukinga mjeledi kwa mkono. Adili anapowachapa ndugu zake, Hasidi na Mwivu, akitokwa machozi, msomaji anaona watu. Mwandishi tunayemfundisha mashuleni kwa heshima zote aliuliza swali lile lile analouliza mtafsiri wa kibandani: watu wangu watalipokeaje jambo hili?

Kazi yenyewe ina historia ndefu kuliko televisheni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kufundisha afya, kilimo na kuweka akiba, kisha ukazitembeza Afrika Mashariki na maelezo ya lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Magari ya sinema yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Sauti ile ilikuwa ya serikali: ilitueleza tuchimbe choo wapi. Katika miaka ya 1990, video zilipoenea mitaani, wenyeji wakaichukua nafasi ile ile, ya mtu anayesema juu ya picha, wakaifanya yao. Sauti ikahama kutoka kwa anayefundisha ikaja kwa anayetazama pamoja nasi, na anayeruhusiwa kumtukana adui.

Japani walikuwa na kazi hii kabla yetu. Zama za filamu bubu, msimulizi wao, benshi, alisimama pembeni ya kioo akiwasemea waigizaji wote, wake kwa waume, na watu walikuwa wakichagua jumba la sinema kwa kumfuata yeye. Filamu zenye sauti zilipoingia, mabenshi wakakosa kazi. Heigo, kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa, alikuwa benshi; alijiua mwaka 1933. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sauti ndiyo iliyomleta mtafsiri, kwa kuwa filamu ilikuwa inasema na sisi hatuelewi. Uganda wakafika mbali zaidi: *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Mtazamaji wa Ulaya aliyeipenda filamu ile amempenda na msimulizi, ajue asijue.

Kwa upande wa Tanzania jina kubwa ni Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, ambaye mikanda yake ilisambaa kuliko mabanda yenyewe. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings ameandika juu yake, na katika maandishi hayo umo mfano uliotoka jikoni: kazi ya mtafsiri ni kuugeuza wali kuwa pilau. Nimeutafuta mfano mzuri kuliko huo sijaupata. Mchele ni ule ule, lakini aliyekula pilau hawezi kukuambia amekula wali.

Lufufu aliisimulia hata *Titanic*, na hapa niseme jambo kuhusu mapenzi. Riwaya za mapenzi na filamu zake zina shida moja ambayo filamu za ngumi hazina: wapendanao wakikaa kimya wakitazamana, msimulizi afanye nini? Hadhira imechanganyika. Pana kijana na mjomba wake kwenye benchi moja. Watafsiri hodari hutumia kipindi hicho kusema yale ambayo macho yanasema, kwa lugha ya barua za mapenzi tulizokuwa tukiandikiana shuleni, yenye maua na asali na usiku wa mbalamwezi. Wanaojua riwaya za kisasa wataiona lugha hiyo imepitwa na wakati. Mimi naiona imekaa mahali pake. Inampa mjomba kitu cha kusikiliza wakati haya inamfanya atazame chini, na inamfundisha kijana kwamba kupenda kuna maneno. Katika Kenya DJ Afro ana mbinu tofauti, ya haraka, Kiswahili cha mtaani kinachokimbia sambamba na picha, na yeye huwafanya wapendanao wa filamu za Kihindi wawe majirani zako. Njia zote mbili zinafika.

Wapo wabovu, na ni wengi. Wapo wanaojaza kila sekunde kwa makelele kwa sababu wanaogopa kimya. Wapo wanaomtukana kila mwanamke anayetokea, bila sababu iliyomo kwenye filamu, wapate kicheko cha haraka. Hao hawaongezi kitu, wanatuzuia tusione. Suala la hakimiliki nalo ni la kweli, wala sitaki kulifunika: aliyetengeneza filamu hapati senti kutoka kwenye banda. Linahitaji sheria na linahitaji utaratibu wa kumlipa kila mwenye jasho lake, mtafsiri akiwa mmojawapo.

Siku hizi mabanda yamepungua. Filamu zilizotafsiriwa zinauzwa kwenye flashi na kadi za simu, na watoto wamehamia kwenye vyumba vya gemu. Wasikilize wanapocheza mpira wa kwenye kioo. Mtangazaji wa Kiingereza aliyemo ndani ya gemu wanamzima, na mmoja wao ambaye zamu yake haijafika anaanza kutangaza mwenyewe: huyu ametoka jela jana, huyu kipa ana deni la duka, leo atalilipa. Hakuna aliyemfundisha. Wakicheza michezo ya vita na mazimwi hufanya vivyo hivyo, wakimpa zimwi jina la mtu wa mtaani na sababu ya hasira yake.

Ninachotaka ni kwamba kanda zikusanywe. Tunazo idara za Kiswahili, tunayo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunao wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotumwa kila mwaka kurekodi ngano kwa wazee. Watumwe pia kwa watafsiri wa mikanda, wengine wangali hai na sauti zao zingali nzuri. Kanda za VHS huota ukungu, hasa pwani, na utepe ukishashikana hautoki tena na sauti. Waanze na filamu za Kihindi, maana hizo ndizo zilizowatoa watafsiri jasho, halafu za Kichina. Za Kimarekani zinaweza kusubiri.