Foniksi ya Kiingereza na Sikio la Mtoto wa Kawempe

Katika ziara zetu za kuwakagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha huko Kawempe, tumekuta jambo ambalo kwa maoni yetu halijajadiliwa vya kutosha katika kurasa hizi. Shule kadhaa za chekechea tulizopitia, kuanzia Bwaise hadi Mpererwe, hufundisha kusoma kwa njia ambayo walimu wenyewe huiita foniksi. Herufi haitajwi kwa jina lake bali kwa sauti yake, kisha sauti huunganishwa zikawa neno. Vitabu ni vya Kiingereza, hasa Jolly Phonics, mpango uliotungwa Uingereza na Sue Lloyd na Sara Wernham, ambao hufundisha sauti 42 za lugha hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anapofika huikuta njia hii imekwisha ota mizizi, naye huichukua kama ilivyo. Hapo ndipo penye ubishi wetu.

Kwanza tuipe haki yake. Njia iliyotangulia ilikuwa ya kuimba majina ya herufi, ei, bii, sii, na kukariri sentensi za ubaoni kwa pamoja hadi mtoto aweze “kusoma” ukurasa mzima akiwa amefumba macho. Foniksi imeuvunja uongo huo. Aidha, Kiingereza kina haja nayo kweli. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulilinganisha lugha kadhaa za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wanaosoma Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao wa lugha nyingine nyingi kupata misingi ya kusoma. Tahajia ngumu huhitaji dawa kali.

Lakini Kiswahili hakiugui ugonjwa huo. Kina irabu tano, na kila irabu husomwa vilevile popote ilipo. Mtoto aliyefundishwa kwamba u ni ile sauti ya katika cup, ambayo kwa matamshi ya Kampala ni kap, hulisoma neno kuku kuwa kaka. Tumelisikia hili kwa masikio yetu, na darasa zima likaitikia bila kucheka. Mtoto hakukosea, alitii alichofundishwa.

Wapo wanaolaumu mpangilio wa herufi za Kiingereza, s, a, t, i, p, n. Sisi hatuoni kosa hapo. Kwa herufi hizo sita tu mwalimu mbunifu anaweza kuandika pata, pita, pasi, nani, sina, sita na tisa, maneno kamili ambayo mtoto anayajua au atayajua upesi. Kosa liko katika kuunganisha. Foniksi ya Kiingereza humzoeza mtoto kupachika sauti tatu na kuishia kwenye konsonanti: s-a-t. Neno la Kiswahili, isipokuwa machache ya mkopo, huishia na irabu, na kipande chake cha asili ni silabi. Mzee aliyefundishwa ba, be, bi, bo, bu kwa kijiti mchangani alikuwa karibu zaidi na umbo la lugha hii kuliko mwanachuo wetu mwenye kadi za rangi.

Tatizo kubwa zaidi, na ambalo hata waandishi wa vitabu vyetu hulipita haraka, ni sikio. Foniksi humwambia mtoto: andika unachosikia. Tunauliza, asikie kwa nani? Mtoto wa Kawempe husikia Kiswahili, kama anakisikia, sokoni Kalerwe na kwenye stendi za boda boda, na huko mtu ni mutu, mtoto ni mutoto. Akiandika mutoto amefuata kanuni barabara. Luganda haina h ya kawaida, hivyo habari huwa abari. Katika maandishi ya Luganda r hufuata e au i tu. Kwa hiyo bora huandikwa bola, na barua huwa balua. Herufi k ikifuatwa na i hutamkwa karibu na ch, ndiyo maana kitabu husomwa chitabu. Ngoma nayo, ambayo kwa Luganda ni eŋŋoma, husomwa bila g kusikika. Urefu wa irabu ni mtego mwingine: Luganda hutofautisha okusika, kuvuta, na okusiika, kukaanga, lakini irabu hizo mbili hazifanyi silabi mbili kama zinavyofanya katika kufaa, neno ambalo likisomwa vibaya huwa kufa.

Makala ya Alcock na Ngorosho ya mwaka 2003 kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania yalikwisha kutuonya kwamba hata lugha inayoandikwa kwa utaratibu haiandikiki yenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa watoto wanaoishi ndani ya Kiswahili, wa Bwaise tusiwadai miujiza.

Mtaala wa mada wa mwaka 2007 uliagiza darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, ila mijini, ambako lugha ni nyingi, Kiingereza kiliruhusiwa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Agizo hilo likitekelezwa kikamilifu, Kiswahili kitaingia katika vichwa ambavyo vimekwisha jifunza kusoma kwa sauti za Kiingereza, na mwalimu atakayepokea vichwa hivyo ni huyu tunayemwandaa sasa.

Kwa hiyo tunapendekeza wanachuo watakaokwenda Kawempe muhula ujao waanze na wiki za masikizi na mazungumzo kabla ya kadi yoyote, wazifundishe irabu tano upya kana kwamba hazijawahi kufundishwa, na ndipo waingie kwenye silabi. Imla za watoto wasizisahihishe kwa wino mwekundu tu. Wazilete idarani, na pembeni ya kila kosa waandike lugha ambayo mtoto huyo huzungumza nyumbani.