Moraa bado hajaruhusiwa kushuku

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alimfanyia Kinjeketile jambo ambalo sisi Abagusii hatujathubutu kumfanyia Moraa. Alimtia shaka.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe (ukisoma haraka utadhani ni Nyaramba yetu) aligawa maji ya kuzuia risasi, na Wajerumani wakamnyonga Agosti 1905, Majimaji ndiyo kwanza inaanza. Kwenye tamthilia Hussein anamwacha hai awaone watu wakianguka mbele ya bunduki. Kwenye utangulizi anasema wazi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni. Wapo wanaoona hapo historia imechezewa. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Akiwa amepagawa, nabii huyu anawaahidi watu kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka. Yaani tumtoe Mjerumani ili tumpokee Sultani? Lakini watu wameshalibeba neno, na sasa lina nguvu kumshinda yeye. Mwishoni anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Mwenyewe hayaamini tena, na bado anakataa.

Sasa njoo huku. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Moraa, mganga na mtabiri, ndiye aliyemchochea. Tunavyosimuliwa, aliwatukana wanaume kwa woga wao, Otenyo akachukua mkuki, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Hadithi inaruka kutoka mkukini hadi kichwani, moja kwa moja. Northcote mwenyewe alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937!

Kilichorukwa ndicho ninachotaka kusoma. Baada ya mkuki lilikuja jeshi: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, watu wakauawa kwa wingi hata Churchill, wakati huo akiwa Wizara ya Makoloni, akalalamika kwa maandishi. Moraa aliiona mioshi hiyo? Jirani aliyepoteza wana alimwambia nini kisimani? Alijuta, au alisema ningerudia? Kumbukumbu za serikali haziwezi kujibu. Mwandishi wa hadithi anaweza.

Najua pingamizi: ukimtia Moraa shaka, unampa mkoloni ushindi wa pili. Mbona Kinjeketile hakupungua, basi? Mtu anayekataa kukana neno asiloliamini, kwa ajili ya watakaokuja baadaye, ananitisha kuliko shujaa yeyote wa jukwaani. Moraa wa hotuba za wanasiasa hanitishi hata kidogo. Ni sanamu, na sanamu haiulizwi kitu.

Hussein naye ana deni. Tamthilia yake inafunguka na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumzia njaa. Kisha vita vinakuwa vya wanaume, na wale wawili wanasukumwa pembeni. Atakayemwandika Moraa aanzie kwenye mazungumzo yale ya njaa, na asiwatoe wanawake jukwaani.