Milimita kutoka Kilomita 1,336: Jinsi Usawa wa Bahari Unavyopimwa

Tangu mwaka 1993, wastani wa usawa wa bahari duniani umepanda kwa takribani sentimita 10. Kiasi hicho ni kidogo kuliko mawimbi ya siku ya kawaida, na katika mwambao wa Tanzania na Kenya maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi. Hata hivyo, badiliko la milimita chache kwa mwaka limetenganishwa na misukosuko hiyo yote kwa vyombo vinavyopita zaidi ya kilomita elfu moja juu ya maji. Jambo hilo limewezekana kwa sababu hakuna chombo kilichoaminiwa peke yake: kila kipimo hukaguliwa kwa kipimo kingine kinachofanya kazi kwa njia tofauti.

Mfululizo wa vipimo ulianza na setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa Agosti 1992 na mashirika ya anga ya Marekani na Ufaransa, NASA na CNES. Ilifuatiwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, kisha Sentinel-6 Michael Freilich mwaka 2020. Kila moja ilishika njia ileile ya mtangulizi wake: kimo cha kilomita 1,336, kati ya nyuzi 66 kaskazini na 66 kusini, ikirudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 10 hivi.

Chombo kikuu ni rada inayotuma mapigo wima kuelekea majini. Kila pigo husafiri kwa kasi ya mwanga, na mwangwi wake hurejea baada ya takribani milisekunde 9, yaani sehemu 9 katika 1,000 za sekunde. Muda huo hutoa umbali kati ya setilaiti na maji. Umbali pekee haujawa usawa wa bahari, kwa kuwa setilaiti nayo hupanda na kushuka kidogo katika mzunguko wake. Mahali ilipo hujulikana kwa njia tatu: ishara za GPS, mtandao wa Kifaransa wa mitambo ya redio ya ardhini uitwao DORIS, na miale ya leza inayorushwa kutoka ardhini na kuakisiwa na vioo vya setilaiti. Kwa pamoja, njia hizo hutoa kimo cha setilaiti kwa usahihi wa sentimita moja au mbili. Kimo hicho kikitolewa umbali uliopimwa na rada, kinachobaki ni kimo cha uso wa bahari.

Hapo ndipo masahihisho huanza, na karibu kila moja ni kubwa kuliko badiliko linalotafutwa. Hewa kavu huchelewesha pigo kiasi cha kuurefusha umbali kwa takribani mita 2.3. Mvuke wa maji huongeza hadi makumi ya sentimita, hasa katika ukanda wa tropiki, na hubadilika kwa saa. Kwa sababu hiyo setilaiti hubeba kipimo maalumu cha mvuke kinachotazama palepale rada inapotazama. Chembe zenye umeme katika anga la juu nazo huchelewesha pigo, lakini ucheleweshaji huo hutegemea masafa. Rada hutumia masafa mawili, na tofauti kati yake hutoa kiasi cha kuondolewa. Mabonde ya mawimbi huakisi vizuri zaidi kuliko vilele, kwa hiyo bahari iliyochafuka huonekana iko chini kuliko ilivyo. Mwisho huondolewa kupwa na kujaa, pamoja na athari ya kanieneo ya hewa, ambayo ikipungua kwa hektopaskali moja huinua maji kwa takribani sentimita moja.

Baada ya masahihisho yote, kipimo kimoja bado huwa na kosa la sentimita kadhaa. Milimita hupatikana kwa kuchukua wastani wa vipimo vingi mno vya bahari zote katika kila mzunguko wa siku 10. Wastani hupunguza makosa ya kubahatisha, ila hauwezi kuondoa kosa linalokua polepole upande mmoja. Ndiyo maana setilaiti mpya hurushwa kabla ya ile ya zamani kustaafu. Sentinel-6 ilimfuata mtangulizi wake kwa umbali wa sekunde 30, zikipima maji yaleyale, hadi tofauti kati yao ilipojulikana.

Ukaguzi mwingine hutoka bandarini na visiwani, kwenye vipimo vya kupwa na kujaa kama vile vya Mombasa na Zanzibar. Ulinganisho wa namna hiyo ulionyesha kwamba rada ya TOPEX ilikuwa imeteleza katika miaka yake ya mwanzo. Utelezi huo uliposahihishwa, jambo zito lilijitokeza: kasi ya kupanda kwa bahari inaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa takribani milimita 2 kwa mwaka. Sasa imezidi 4.

Swali linalofuata ni sababu. Bahari hupanda maji yake yanapopata joto na kutanuka, au yanapoongezeka kutokana na barafu ya nchi kavu inayoyeyuka. Joto hupimwa na maboya ya Argo, yapatayo 4,000, yanayozama hadi mita 2,000 na kupanda yakipima joto na chumvi kila siku 10. Uzito wa maji yaliyoongezeka ulipimwa na setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na sasa hupimwa na warithi wao wa mwaka 2018. Pacha hao hufuatana kwa umbali wa takribani kilomita 220, na mabadiliko madogo mno ya umbali huo huonyesha mahali mvutano wa dunia ulipoongezeka au kupungua. Kutanuka kukijumlishwa na maji mapya, jumla inapaswa kulingana na kipimo cha rada. Kuanzia mwaka 2016 hivi hesabu zilikataa kulingana. Uchunguzi ulifichua vipimo vya chumvi vilivyoharibika katika baadhi ya maboya, na utelezi katika kipimo cha mvuke cha Jason-3. Kila kosa lilionekana kwa sababu kulikuwa na kipimo kingine cha kulibainisha.

Wastani wa dunia haupaswi kusomwa kama hali ya kila pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliounganisha vipimo vya bandarini, setilaiti na mifano ya kompyuta, ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1960 usawa wa bahari ulikuwa umeshuka katika tropiki ya kusini ya Bahari ya Hindi, pamoja na Shelisheli na Zanzibar, huku sehemu nyingine nyingi za bahari hiyo zikipanda. Sababu iliyotajwa ni mabadiliko ya pepo, ambayo husukuma maji kutoka eneo moja hadi jingine.

Karibu na nchi kavu kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwangwi wa ardhi huchanganyika na wa maji. Rada za kisasa, kama ya Sentinel-6, hugawa eneo linalomulikwa katika vipande vyembamba. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hutumia antena mbili zilizotengana kwa mita 10 na kupima ukanda wenye upana wa kilomita 120. Ufuo wenyewe hufuatiliwa kwa picha za setilaiti: Landsat tangu 1972, na Sentinel-2, yenye uwezo wa kuonyesha mita 10, tangu 2015. Maji hufyonza mwanga wa infraredi na mchanga huuakisi, hivyo mpaka kati yao huchorwa kwa kompyuta. Picha ya bamvua hailinganishwi na ya maji mafu bila kusahihishwa, maana kwenye ufuo wenye mteremko mdogo mpaka huo husogea makumi ya mita bila mchanga wowote kupotea.

Picha huonyesha upotevu wa ufuo, lakini hazitaji chanzo chake. Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa, na kukatwa kwa miti hiyo kumetajwa miongoni mwa sababu. Kilitoweka kabla ya mfululizo huu wa vipimo vya rada kuanza, hivyo mchango wa bahari yenyewe hauwezi kukaguliwa kwa vipimo hivyo. Kwa fukwe zinazomomonyoka sasa, ukaguzi huo unawezekana: rada hutoa usawa wa maji wa eneo, GPS ya bandarini huonyesha kama ardhi inazama, picha hutoa mwendo wa ufuo, na wakazi pamoja na wataalamu wa ardhini hueleza kuhusu uchimbaji wa mchanga, kuta zilizojengwa na mikoko iliyokatwa.