Karata 47 Zilizobaki

Umegawiwa ree, mfalme, malkia, jeki na mbili, zote kopa. Kwa lugha ya poka hiyo ni floshi, karata tano za ua moja, na mashine ya poka ya video ya aina ya Jacks or Better, inayolipa kuanzia pea ya jeki, ikiwa na jedwali zuri huilipa sarafu sita kwa kila sarafu uliyoweka. Mkono umeshakamilika na malipo yako mbele ya macho. Anayeanza huzishikilia zote tano kwa furaha, na hapo anafanya moja ya makosa ghali kabisa katika mchezo huu.

Tuhesabu pamoja. Pakiti ina karata 52. Tano unazo, zimebaki 47. Tupa ile mbili, ulambe moja. Katika hizo 47, moja tu ni kumi ya kopa, inayotimiza floshi ya kifalme na kulipa 800 kwa moja. Kopa nyingine saba zinakurudishia floshi yako inayolipa sita. Kumi za maua mengine ziko tatu, nazo zinakupa mfululizo, yaani streti, unaolipa nne. Ree, wafalme, malkia na jeki waliobaki ni kumi na wawili, na yeyote kati yao anakupa pea inayorudisha sarafu yako. Karata 24 zilizosalia ni magarasa matupu. Jumlisha malipo yote: 800 na 42 na 12 na 12, ni 866. Gawanya kwa 47, unapata 18.4.

Kwa hiyo ulikuwa na sita mkononi, na kwa kutupa karata moja umejipatia kitu chenye thamani ya 18.4 kwa wastani. Zaidi ya nusu ya nyakati utalamba garasa na kutoka mikono mitupu, na bado uamuzi wako ulikuwa sahihi. Mtu akilielewa hili hadi limtulie moyoni, ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote. Yaliyobaki ni mazoezi.

Hesabu hii inawezekana kwa sababu ya jambo moja ambalo naliona kuwa ndilo uzuri wa mchezo wenyewe. Poka ya video ilianza kushika kasi Nevada mwaka 1979, kampuni ya Si Redd, iliyokuja kuitwa IGT, ilipotoa mashine ya Draw Poker. Kanuni za jimbo hilo zinataka mashine inayoonyesha karata izitoe kama pakiti halisi iliyochanganywa, kila karata ikiwa na nafasi sawa na mwenzake. Mashine za magurudumu haziko hivyo. Tangu hataza ya Inge Telnaes ya 1984, picha unazoona kwenye gurudumu hazikuambii nafasi zake halisi, kwa kuwa kompyuta ndani ina gurudumu lake refu zaidi. Kwenye poka, pakiti unaijua na malipo yamebandikwa kwenye kioo. Hakuna kilichofichwa.

Ndiyo maana watu kama Stanford Wong na Lenny Frome waliweza kuuchambua mchezo huu kwa hesabu. Mikono ya kuanzia iko 2,598,960, na kila mmoja unaweza kuushika kwa namna 32, kuanzia kutupa zote hadi kubakiza zote. Kompyuta hupiga hesabu kama ile yetu ya kopa kwa kila namna, kisha huchagua iliyo juu. Kazi ya mtaalamu ni kuyabana majibu hayo yote kwenye orodha fupi ya kusoma kutoka juu kwenda chini: cha kwanza kinacholingana na mkono wako, hicho ndicho unachoshika.

Orodha hiyo inaumiza pale jicho linapopenda kitu ambacho hesabu haikipendi. Chukua nne mbili, moja ya kopa na moja ya pao, pamoja na kopa nyingine tatu: mbili, tisa na malkia. Pea huvuta mkono, maana ni kitu ulicho nacho tayari. Lakini pea ndogo ina thamani ya 0.82 hivi. Ukiitupa ile nne ya pao, kopa tisa bado ziko kwenye pakiti, na malkia watatu wa kukupa pea ya kulipwa: 54 na 3, gawanya kwa 47, ni 1.21. Pea ndogo inavunjwa. Ingekuwa pea ya jeki, ingebaki, kwa kuwa yenyewe ina 1.54.

Au mbili, nne, tano, saba na nane za maua mchanganyiko. Sita imekosekana katikati, na roho inaitamani. Sita ziko nne, malipo ni nne, jumla 16 kwa 47, yaani 0.34. Kutupa karata zote tano na kuanza upya kuna 0.36. Tofauti ni ndogo, lakini inajirudia usiku kucha. Na ree uliyoibakiza kando ya pea ya jeki kwa kuiona kubwa, itupe. Ulambe karata tatu, si mbili.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, soma jedwali. Tafuta mistari miwili: fulu hausi, yaani karata tatu za namba moja pamoja na pea, na floshi. Ikiwa 9 na 6, anayecheza bila kosa hurudishiwa asilimia 99.54. Ikiwa 8 na 5, ni 97.30, na mashine mbili za namna hiyo zinaweza kufanana kwa kila kitu kingine. Kisha weka sarafu tano kila mara, kwa sababu zile 800 hulipwa kwa tano tu. Ukiweka moja, floshi ya kifalme hulipa 250, na mkono wetu wa kopa unashuka kutoka 18.4 hadi 6.7.

Floshi ya kifalme huja kama mara moja katika mikono 40,000, nayo peke yake inabeba karibu asilimia mbili ya marejesho. Mtu anayecheza mikono 600 kwa saa, kila mkono dola 1.25, anapitisha dola 750. Kwa jedwali la 9 na 6, hesabu ndefu inasema atapoteza dola tatu na nusu hivi kwa saa. Kwa 8 na 5, dola 20. Lakini saa ambazo floshi ya kifalme haiji, na ndizo karibu zote, hata mashine ile nzuri humtoza kama dola 18, akiwa hajakosea karata hata moja.